Fasihi ya Awali ya Marekani: Uanze na Bradford au Rowlandson, Franklin au Wheatley?

Mitaala mingi ya fasihi ya Marekani hupangwa kwa miaka. Meli ya Mayflower, iliyobeba walowezi kutoka Uingereza, inatia nanga mwaka 1620, William Bradford anaanza kusimulia, yanafuata mahubiri, mashairi ya dini, tawasifu ya Benjamin Franklin, kisha Azimio la Uhuru. Kabla mwanafunzi hajakutana vizuri na mwandishi mweusi au mwenyeji wa asili, muhula umekwisha. Anayejisomea nyumbani huufuata mpangilio huohuo kwa kuwa ndio alioukuta, na wengi hukwama kwa Bradford wakaondoka wakiamini fasihi hii yote ni kavu.

Si kavu, ila pa kuanzia pana shida. Hapa nimewaweka waandishi wanne wawiliwawili, jozi moja ya karne ya 17 na nyingine ya karne ya 18, ili uone nani anakufaa ikiwa unataka kuielewa pia jamii iliyoyazaa maandishi hayo. Urefu wa kitabu na ugumu wa lugha yake nitavigusa, lakini kipimo changu kikuu ni hiki: kitabu chenyewe kinakuonyesha nini kuhusu watu waliokiruhusu, wakakichapa na wakakilipia? Maandishi ya makoloni ya Uingereza kule Amerika mara nyingi yalitoka yakiwa na wadhamini mbele yake: dibaji ya kasisi, barua ya bwana wa mtumwa, sahihi za wakubwa wa mji. Kurasa hizo, ambazo wasomaji wengi huziruka, ni historia iliyokwisha kufungashwa pamoja na kazi. Kwa mtu asiye na maktaba kubwa karibu, jambo hilo lina uzito, maana kitabu kilichobeba muktadha wake ndani hakimlazimishi kutafuta vitabu vingine kumi kabla ya kukielewa.

Karne ya 17: gavana na mateka

William Bradford alikuwa gavana wa Plymouth, koloni la watu wa Mayflower, kwa takriban miaka 30. Kitabu chake, Of Plymouth Plantation, alianza kukiandika mwaka 1630 na akaendelea nacho kwa karibu miaka 20. Kwake utapata upana: mateso ya waumini waliojitenga na Kanisa la Uingereza, maisha yao ya ugenini Leiden, Uholanzi, safari ya abiria 102, na ile baridi ya kwanza iliyoua karibu nusu yao. Kuna ugomvi wake na Thomas Morton, aliyesimika mlingoti wa sherehe huko Merry Mount na kucheza na wenyeji kuuzunguka. Kuna pia mwaka 1637, Wapequot, kabila la wenyeji, walipochomwa moto ndani ya boma lao pale Mystic. Bradford anataja damu na uvundo, na katika sentensi hiyohiyo anauita ushindi ule sadaka tamu.

Shida yake ni kwamba anakutaka uje ukiwa unajua mengi. Mchukue Tisquantum, yule mwenyeji aliyewafundisha wageni kupanda mahindi. Bradford anamweleza kama chombo maalumu kilichotumwa na Mungu kwa faida yao, na anagusia kwa maneno machache tu kwamba nahodha mmoja aitwaye Hunt alimteka ili akamuuze Hispania. Nyuma ya maneno hayo kuna habari nzima: Tisquantum alitekwa mwaka 1614, akapelekwa Málaga, akafika Uingereza, na aliporudi mwaka 1619 alikuta kijiji chake, Patuxet, kimefutwa na maradhi yaliyolipuka pwani ile kuanzia 1616. Plymouth ilijengwa juu ya Patuxet. Mashamba ambayo wageni waliyaona kama zawadi yalikuwa yamefyekwa na watu waliokufa. Asiyelijua hilo atasoma ukurasa mzima wa Bradford akidhani anasoma habari za pori tupu, na Bradford hatamsahihisha.

Mimi simweki mwanzoni, na kuna sababu ya pili. Kitabu hiki hakikuchapwa enzi zake. Wachache walipata kukitumia kikiwa muswada, na kikapotea mnamo wakati wa vita vya uhuru. Baadaye kilionekana kwenye maktaba ya Askofu wa London huko Fulham, kikachapwa kikamilifu mwaka 1856, na muswada wenyewe ukarudishwa Massachusetts mwaka 1897. Kwa hiyo watu wa karne ya 17 hawakukisoma kwa namna tunayosomeshwa sisi. Cheo chake cha kitabu cha asili ya taifa kilikipata katika karne ya 19, wakati jamhuri changa ilipokuwa inajitafutia mababu. Ukianza naye bila kulijua hilo, umeanza na karne ya 19 iliyovaa nguo za karne ya 17.

Mary Rowlandson ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Simulizi yake ni fupi, unaimaliza kwa jioni mbili. Alikuwa mke wa kasisi katika kijiji cha Lancaster, Massachusetts. Februari 1676, katikati ya vita kati ya walowezi na wenyeji ambavyo Waingereza waliviita Vita vya Mfalme Philip, kijiji kilishambuliwa, naye akachukuliwa mateka pamoja na watoto wake. Bintiye mdogo Sarah, mwenye umri wa miaka sita, aliyekuwa amejeruhiwa, alifariki baada ya siku tisa. Mama alitembezwa msituni kwa zaidi ya wiki 11 hadi alipokombolewa kwa pauni 20. Kitabu kilitoka mwaka 1682, na mwaka huohuo kilichapwa Massachusetts na London pia. Hiki watu walikisoma kwelikweli.

Kwenye dibaji, mtu aliyejificha nyuma ya jina la kubuni, ambaye wataalamu wengi humtaja kuwa kasisi Increase Mather, anaeleza kwa nini inafaa mwanamke atoe maandishi yake hadharani: eti ni kwa ajili ya kumshukuru Mungu, na yeyote asimlaumu. Mwishoni iliambatanishwa hotuba ya mwisho ya kanisani ya marehemu mumewe. Mwanamke amebanwa katikati ya wanaume wawili wa kanisa, na tafsiri ya mateso yake imeshatolewa kabla hajafungua mdomo: Mungu anawarudi watu wake waliolegea.

Halafu unaanza kusoma, na mambo yanakataa kukaa ndani ya tafsiri hiyo. Rowlandson ananukuu Zaburi kila hatua, anawaita waliomteka makafiri na mbwa wa kuzimu, lakini papo hapo anaandika hesabu za sokoni. Metacom, yule ambaye Waingereza walimwita Mfalme Philip, anamwomba amshonee mwanawe shati. Anashona, analipwa shilingi moja. Anampelekea bwana aliyekuwa akimshikilia mateka shilingi ile, anaambiwa aiweke, anainunulia nyama ya farasi. Baadaye anamshonea mtoto yuleyule kofia, na Metacom anamkaribisha chakula: andazi la ngano iliyokaangwa na kutwangwa, likapikwa kwa mafuta ya dubu. Anasema hakuwahi kula chakula kitamu kama hicho maishani mwake. Anashona shati jingine, anapewa kipande cha dubu. Anafuma soksi, anapewa kibaba cha njegere. Anapika njegere na dubu pamoja, anawaalika bwana na bibi yake kula. Bibi anakataa, kwa sababu wote wawili wameandaliwa katika chombo kimoja, na anaonja kipande kimoja tu ambacho mume anampa kwa ncha ya kisu.

Tua hapo. Rowlandson anaiandika kama kero ya mwanamke mwenye maringo. Lakini bibi huyo ni Weetamoo, kiongozi wa Wapocasset kwa haki yake mwenyewe, mwenye watu na ardhi, si mke tu wa mtu. Kwa mtawala kuambiwa ale sahani moja na mumewe, tena mbele ya mateka, lilikuwa suala la heshima na itifaki. Rowlandson haelewi, ila anaona, na anaandika alichokiona. Ndiyo maana simulizi hii inafaa kwa mtu anayejifunza kusoma historia ndani ya fasihi: mwandishi anakupa ushahidi unaompinga mwenyewe.

Tena huna haja ya kwenda mbali kupata upande wa pili. Miongoni mwa walioandika barua za mazungumzo ya kuwakomboa mateka upande wa wenyeji alikuwemo Mnipmuc aitwaye James Printer. Alijifunza uchapaji kwenye mtambo wa Cambridge, Massachusetts, na alishiriki kupanga herufi za Biblia ya mwaka 1663 iliyotafsiriwa na John Eliot katika lugha ya Wamassachusett. Vita vilipoanza alijikuta upande wa pili; vilipokwisha alirudi mtamboni. Wanahistoria wanamtaja kuwa ndiye aliyepanga herufi za toleo la Cambridge la kitabu cha Rowlandson. Fikiria mtu huyo akichukua herufi moja moja ya risasi na kuyapanga maneno ya kuwaita watu wake mbwa.

Na yule mtoto wa shati? Agosti 1676 alikamatwa pamoja na mama yake. Baba yake aliuawa mwezi huohuo, na Weetamoo naye akafa maji. Makasisi wa koloni walijadiliana kwa barua, kwa vifungu vya Biblia, kama mtoto auawe kwa makosa ya baba. Aliuzwa utumwani ng'ambo.

Kati ya hawa wawili, basi, ushauri wangu hauna utata: anza na Rowlandson, mwache Bradford awe wa pili. Unayemhitaji Bradford kwanza ni wewe unayefuatilia mambo ya dini na utawala, yaani kundi la waumini linavyojigeuza serikali. Hapo Rowlandson hatakusaidia.

Karne ya 18: mhubiri mmoja, macho mawili

Franklin, mchapaji na mwanasiasa, na Phillis Wheatley, mshairi aliyekuwa mtumwa, huwekwa sura tofauti, huyu kwenye Zama za Mwangaza, yule kwenye fasihi ya Wamarekani weusi. Mimi ningewasomesha pamoja, na kiungo kipo tayari: George Whitefield, mhubiri kutoka Uingereza aliyezunguka makoloni na kukusanya umati usio na mfano.

Franklin anamsimulia kwenye tawasifu yake kwa ucheshi. Whitefield anachangisha fedha za nyumba ya mayatima huko Georgia. Franklin haungi mkono mpango ule na ameapa moyoni hatatoa kitu. Mfukoni ana sarafu za shaba, dola tatu nne za fedha, na tano za dhahabu. Mahubiri yanaendelea, anaanza kulegea, anaona atoe shaba. Neno moja zaidi la mhubiri, anaona haya, atoe fedha. Mwisho unapigwa kwa ufundi hadi anamimina mfuko mzima kwenye sahani, dhahabu na vyote. Mara nyingine Whitefield anahubiri nje, Franklin anarudi kinyumenyume barabarani hadi sauti inapofifia, kisha anapiga hesabu ya eneo na kukadiria kwamba mtu yule angeweza kusikiwa na zaidi ya watu 30,000. Dini kwake ni sauti, eneo na mfuko. Usitegemee kumwona akipiga magoti.

Whitefield alifariki mwaka 1770 huko Massachusetts. Msichana wa miaka kama 17, mtumwa nyumbani kwa John na Susanna Wheatley mjini Boston, akaandika shairi la maombolezo, na shairi hilo likamtangaza pande zote mbili za bahari. Ndani yake Wheatley anamweka mhubiri azungumze na makundi mbalimbali ya watu, na anapofika kwa Waafrika anawaambia wampokee Kristo anayewatamani, kwani jina lake ni Mwokozi asiyependelea. Katika mji wa wenye watumwa, kuweka maneno hayo kinywani mwa mhubiri maarufu aliyekwisha kufa ni ujanja mkubwa. Nani atambishia maiti? Na kuna jambo ambalo shairi halisemi: Whitefield huyohuyo alipigania utumwa uruhusiwe Georgia, na nyumba yake ya mayatima ilitumia watumwa. Soma kurasa za Franklin na shairi hili siku moja, uone mtu mmoja anavyogeuka kulingana na anayemwangalia na alichonacho hatarini.

Sasa angalia kurasa za mbele. Wheatley alijaribu kuchapa kitabu Boston mwaka 1772, wanunuzi wa kutosha hawakupatikana. Kilitoka London mwaka 1773, kikiwa kimetabarukiwa kwa Countess wa Huntingdon, mwanamke wa tabaka la juu Uingereza, ambaye Whitefield alikuwa kasisi wake. Kumbe lile shairi la maombolezo ndilo lililofungua mlango. Ukifunua unakuta picha yake akiwa na kalamu mkononi, ikizungukwa na maneno yanayomtaja kuwa mtumishi mweusi wa John Wheatley wa Boston. Kisha dibaji, barua ya bwana wake, na waraka uliotiwa sahihi na wanaume 18 wa Boston, akiwemo gavana Thomas Hutchinson na tajiri John Hancock, wakiuthibitishia ulimwengu kwamba mashairi haya ameyaandika msichana ambaye miaka michache tu iliyopita aliletwa kutoka Afrika akiwa, kwa maneno yao, mshenzi asiyestaarabika. Watu hupenda kusimulia kwamba wakubwa hao walikaa chumbani wakamhoji mdomo kwa mdomo. Waraka wenyewe unasema tu kwamba amepimwa na baadhi ya waamuzi bora. Tusiongeze chumvi, waraka unatosha.

Tawasifu ya Franklin nayo ina wadhamini, tena wamekaa katikati ya kitabu. Aliianza mwaka 1771 huko Twyford, Uingereza, kama barua ndefu kwa mwanawe William, gavana wa New Jersey. Ikakatika. Alipoishika tena mwaka 1784 huko Passy, Ufaransa, aliingiza barua mbili za marafiki, Abel James na Benjamin Vaughan, zikimsihi aendelee kwa sababu vijana na taifa jipya wanamhitaji. Weka jozi hizi mbili pamoja. Wadhamini wa Wheatley wanaapa kwamba ameandika kweli. Wadhamini wa Franklin wanamwomba, tafadhali, aandike zaidi. Nadhani hakuna ukurasa wa historia ya karne ya 18 unaoeleza hadhi ya watu kwa ufupi kuliko huo. Aliyesoma Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, ana mazoezi fulani tayari: pale nako ukombozi unasimuliwa chini ya dari la misheni, na msomaji hujizoeza kusikiliza nani anazungumza na nani anasikilizishwa.

Kwa lugha, Franklin ni rahisi kuliko wote hapa. Sentensi zake ni fupi, mizaha yake bado inachekesha, na picha ya kijana aliyeingia Philadelphia mwaka 1723 akiwa na mkate mmoja kila kwapa na wa tatu akiutafuna haisahauliki. Mtego wake ni huo urahisi. Wengi humsoma kama mwalimu wa mafanikio: fadhila 13, daftari lenye mistari, doa jeusi kila ulipokosea. Ukimsoma hivyo umepoteza muktadha wote. Tazama badala yake anachokiacha. Tawasifu inaishia miaka ya 1750, hivyo mapinduzi yaliyompa jina hayamo. Mwana aliyeandikiwa mwanzoni alibaki upande wa mfalme wakati wa vita, na sehemu zinazofuata hazimwandikii tena yeye. Na utumwa? Franklin alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwauza. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Machi 1790, wiki chache kabla ya kufa, alichapa kejeli ambayo kila msomaji wetu angeifurahia: hotuba ya mjumbe wa kubuni wa baraza la Algiers, Sidi Mehemet Ibrahim, akitetea kuwashika Wakristo utumwani kwa hoja zilezile alizozitumia mbunge mmoja wa Georgia kutetea kuwashika Waafrika. Ina kurasa chache. Isome mara tu umalizapo tawasifu.

Wheatley ni mgumu zaidi, sitakuficha. Beti zake ni za mistari miwilimiwili yenye vina, zimejaa miungu ya Kiyunani na Kirumi, na sehemu kubwa ni rambirambi kwa familia za Boston. Mashairi hayazidi 40, lakini hayasomeki kwa haraka. Mtego wake ni shairi moja la mistari minane kuhusu kuletwa Amerika kutoka Afrika, linaloanza kwa kuiita safari ile rehema. Watu wengi husoma hilo tu, wanamhukumu, wanafunga kitabu. Soma mistari miwili ya mwisho, ambako anawakumbusha Wakristo kwamba weusi nao wanaweza kutakaswa wakajiunga na msafara wa malaika. Kisha soma barua yake ya Februari 1774 kwa kasisi Samson Occom, iliyochapwa magazetini. Alikuwa ameshaachwa huru. Anaandika kwamba Mungu amepanda katika kila kifua cha binadamu kitu tunachokiita kupenda uhuru, kisichovumilia ukandamizaji, halafu anawashangaa watu wanaolilia uhuru huku wakiwa wameshikilia mamlaka juu ya wengine. Mwandishi ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mbele yake hapakuwa tena na sahihi 18.

Wawili hawa walikutana. Mwaka 1773 Wheatley alipokuwa London, Franklin alikwenda kumwona na kumwahidi msaada wowote awezao. Mwaka 1779 Wheatley alitangaza kitabu cha pili, kitabarukiwe kwa Franklin. Hakikutoka. Alifariki Boston mwaka 1784 akiwa na miaka kama 31, na muswada haujulikani ulipo. Thomas Jefferson, kwenye kitabu chake kuhusu Virginia, alisema dini ilimzaa Wheatley lakini haikuweza kuzaa mshairi, na jina lake akaliandika kimakosa.

Kwa hiyo Franklin au Wheatley? Kama Kiingereza cha zamani kinakutisha, anza na Franklin ila usimsome peke yake. Kama unasomea ushairi, au unataka kazi inayokulazimisha kusoma kati ya mistari, anza na Wheatley. Mwenye muda wa mmoja tu nampa Wheatley.

Waliobaki nje ya mizani

Olaudah Equiano nimemwacha kwa makusudi. Kitabu chake cha mwaka 1789 kinasisimua kuliko vyote hivi, kina bahari, vita, biashara, na siku ya mwaka 1766 alipojinunua huru kwa pauni 40 kutoka kwa Robert King. Lakini kilichapwa London kikiwalenga wasomaji wa Uingereza wakati Bunge lao lilipokuwa linajadili biashara ya watumwa, na orodha ndefu ya walionunua kabla, iliyochapwa mbele, ni ya mji ule. Kuna pia mjadala kuhusu alikozaliwa, kwani kumbukumbu za ubatizo na za meli alizozichimbua mtafiti Vincent Carretta zinataja Carolina, si nchi ya Waigbo. Ni somo zuri sana, ila ni somo la Atlantiki nzima.

Samson Occom, yule aliyeandikiwa barua, ningependa kila mtu amsome. Alikuwa Mmohegan, mhubiri, na safari yake ya Uingereza katika miaka ya 1760 ilichangisha zaidi ya pauni 11,000 kwa ajili ya shule ya watoto wa wenyeji. Fedha hizo zikaishia kujenga Chuo cha Dartmouth, kilichowahudumia zaidi vijana wa kizungu. Maelezo yake mafupi ya maisha, ya mwaka 1768, hayakuchapwa enzi zake, na yanasomeka kwa saa moja. Hayana mdhamini hata mmoja. Yana hesabu: yeye alilipwa pauni 180 kwa utumishi wa miaka 12, na mmisionari kijana asiye na familia aligharimu pauni 180 kwa mwaka mmoja, ukijumlisha mshahara, mkalimani na mtu wa kumtambulisha. Ukimaliza orodha ya fadhila za Franklin kuhusu bidii na kubana matumizi, hesabu hiyo ni jibu zuri.

Mkusanyo au kitabu kizima?

Mikusanyo mikubwa ya vyuoni, kama ile ya Norton na ya Heath, inakupa waandishi wengi, maelezo ya pembeni na tahajia iliyosafishwa. Ni ghali, na kwa kipimo changu ina kasoro: kurasa za mbele mara nyingi hukatwa ili kuokoa nafasi. Unapata simulizi ya Rowlandson bila dibaji, mashairi ya Wheatley bila waraka wa sahihi. Vitabu vyote nilivyovitaja haki zake zimekwisha muda, na vingi vinapatikana bure kwenye mtandao, Project Gutenberg na Internet Archive. Tafuta toleo lenye kurasa za mwanzo, hata kama umeazima mkusanyo kwa ajili ya maelezo.

Ukitumia nakala zilizopigwa picha kutoka kwenye matoleo ya kale, zingatia kwamba herufi s katikati ya neno iliandikwa kwa umbo refu linalofanana na f. Siku ya kwanza inachosha, baada ya kurasa kadhaa jicho linazoea. Tarehe nazo ziangalie: mwaka wa Kiingereza ulianza Machi hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752, ndiyo maana utakuta shambulio la Lancaster limeandikwa Februari 1675 mahali pengine na 1676 kwingine.

Mwenye mwezi mmoja asome Rowlandson, Wheatley pamoja na ile barua, kisha Occom. Mwenye muhula mzima aongeze Franklin baada ya Wheatley, na Bradford mwishoni, akiwa na ramani ya Patuxet mkononi. Anayetafuta mada ya tasnifu aanze na Whitefield.